Nafasi ya Mama Katika Remorki

Mimi remorki siipendi mpaka leo. Nikiiona inakokotwa nyuma ya gari, hata ikiwa imebeba mihogo tu, natema mate chini. Watoto wangu hunicheka. Wacheke, hawakuwepo.

Wakati wa Wabelgiji mume wangu alikuwa shofa, akiendesha gari la mzungu mmoja mnunuzi wa pamba, hapa Kasongo. Mzungu huyo alikuwa na pikipiki mbili zilizoharibikia Kabambare, akataka ziletwe. Kamyoneti yake, gari dogo la mizigo, ilikuwa ikirudi na magunia ya pamba hadi juu, kwa hiyo akamwambia mume wangu atengeneze remorki ya kuzibeba. Njia ilipita Wamaza. Wamaza ndiko alikokuwa mama yangu, tumbo limemvimba, hawezi hata kufika mtoni, na hospitali iko Kasongo. Basi mzigo wa mzungu ukawa ndio tumaini langu.

Utauliza, kwa nini asikae mbele na shofa? Ebo! Mama mkwe akae bega kwa bega na mume wa binti yake, magoti yagusane siku nzima? Kwetu mkwe akimwona mama mkwe njiani huingia majanini ampishe. Kiti kile, kwa mama, hakikuwepo.

Nyuma ya ghala la mzungu kulikuwa na remorki mbili. Moja ndogo, nzuri, ina rangi. Nyingine ni mkia wa lori lililokufa, kutu tupu. Mimi nikaipenda ile nzuri. Mume wangu akakata fito, akapima matairi ya kamyoneti upande hadi upande, kisha akapima zile remorki.

"Angalia, mama watoto," akasema. "Kule madaraja iko mbao mbili tu, kila tairi na ubao wake. Hii ndogo matairi yake yamekaribiana. Itaanguka katikati."

Tukachukua ya kutu. Akapigilia vibao virefu kila upande, ikawa mifereji ya kushika magurudumu ya pikipiki. Mbele akaweka gogo la kuzizuia. Mlango wa nyuma akaufanya ulale chini, ziwe zinapandishiwa hapo. Kamba alizikataa, eti hulegea njiani. Akakata mipira ya ndani ya matairi mabovu, hiyo ikivutwa inabana. Katikati akaacha nafasi ya mtu kulala, akajilaza mwenyewe kujaribu.

"Panua kidogo," nikamwambia. "Mama si fito."

"Kwani mimi ndiyo fito?"

Tulicheka siku ile. Nikashona godoro la pamba. Mama alilimishwa pamba kwa amri miaka yote, nikasema walau kidogo ailalie.

Akaondoka. Wamaza akasimama mbali, uso pembeni kama inavyopasa, akampa mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza mama, ujumbe: mgonjwa ajitayarishe, nikirudi namchukua. Mama akaogeshwa, akafungiwa kitenge kipya, akakaa kando ya njia na kifurushi chake.

Kule Kabambare mzungu mwingine alikuwa na pikipiki yake mbovu. Akaitazama remorki, akasema, "Katikati iko nafasi." Mume wangu angesema nini? Alisema ndiyo bwana. Wakati ule hapakuwa na neno jingine.

Alipofika Wamaza na pikipiki tatu, alishuka akasimama nyuma ya gari, akamwomba mama mdogo amwambie mama apande mbele. Mama akakataa. "Nitamtazamaje binti yangu?" Mume wangu hakurudia kuomba. Aibu ilimshika na yeye. Akasema atarudi na remorki tupu.

Mimi huku Kasongo nilikuwa nimechemsha maji ya kumwogesha mama. Niliposikia gari nikatoka mbio. Pikipiki tatu, zimefungwa vizuri, hata moja haikucheza. Godoro langu limesokomezwa katikati yake, zisikwaruzane. Nikafungua mlango wa mbele. Kiti kilikuwa na vumbi toka mwanzo hadi mwisho.

"Angekaa hapa!" nikapiga kelele. "Ungefumba macho! Ungemvuta!"

"Nishike mama yako mkono?"

Nilimchukia, na ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Mvua ikaanza, bariyeri zikafungwa, magari yakakatazwa njia. Remorki haikurudi Wamaza tena. Habari mbaya ikaja kwa miguu, nasi tukaenda kwa miguu, tukamkuta mama bado anapumua lakini hamtambui mtu. Akafa kabla ya adhuhuri.

Wanaume walikuwa wachache, wengine wako mashambani. Wazee wakamwita mume wangu, wakasema shika jeneza. Akashika. Alimbeba mama yangu begani mpaka makaburini, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema ni aibu.