Mama Maswali na Vyama Mia Mbili Arobaini na Kimoja

Siku mtunza mafaili alipomwona kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alikuwa ameshika viatu mkononi. Korido ya chini ilikuwa imetoka kupigwa deki, naye hakutaka kuharibu kazi ya mtu. Alishuka ngazi zote kumi na nne kwa soksi, chupa ya chai kwapani, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Akasimama mlangoni pa chumba cha mafaili kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto, ambaye bado hajaamua kama aamke kweli au arudi kulala.

“Hodi humu.”

Mtunza mafaili hakuzoea hodi. Watu wa ghorofa za juu wakitaka faili walipiga simu, wakataja namba, wakakata. Alijibu “karibu” kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

“Mafaili yako ni mangapi, mdogo wangu?”

“Elfu nne mia moja na kumi na mbili.”

“Takriban?”

“Hapana, mama. Kamili.”

Mwanamke akaweka viatu chini, akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. “Wiki nzima nauliza watu katika jengo hili. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu bila kusema ‘inategemea’.”

Ilikuwa ofisi ya kusajili vyama vya hisani. Mtunza mafaili alikuwa humo chini mwaka wa kumi na tisa. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, akabeba zege, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi na kuvunjika mguu. Mguu ulipopona akapewa kazi hii ya kukaa na makaratasi. Wenzake walimwita Bwana Chini. Alikuwa mtu wa haya. Afadhali abebe mafaili hamsini mgongoni kuliko kusema sentensi moja mbele ya watu watatu.

Kila chama kilileta fomu kila mwaka: jina, anwani, viongozi, kazi mnayofanya, mapato, matumizi. Fomu zilikaa kwake. Yaliyoandikwa ndani yake yaliingizwa kwenye sistimu ya kompyuta, na serikali ilikuwa imeifungua sistimu hiyo kwa wananchi wote, ili mwenye kompyuta na hamu ya kujua aulize mwenyewe. Mwanamke yule aliletwa kuuliza kwa niaba ya ofisi na kutoa orodha. Lugha ya kuulizia inaitwa SQL.

“Haina adabu hata kidogo,” alimwambia siku moja. “Haijui shikamoo wala habari za nyumbani. Unaiambia tu: chagua majina, kutoka kwenye rejista, ambapo mapato yamezidi sifuri. Inakuletea.”

“Bila tafadhali?”

“Ukiiwekea tafadhali inagoma.”

Mlinzi wa getini, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alimpachika jina la Mama Maswali. “Mtu mzima na mvi zake, kazi yake kuuliza kutwa,” alisema. “Na analipwa. Mimi nikiuliza mtu anakwenda wapi naambiwa mbea.” Mama Maswali alimjibu kwamba kuuliza si ujinga, ujinga ni kuuliza unachokijua. Mlinzi alilitafuta jibu mpaka jioni, hakulipata.

Alikuwa na desturi yake. Kila siku saa nne alishuka chini kuchukua mafaili matano ili alinganishe karatasi na skrini. Hakuyachagua kwa namba. Alifumba macho, akatembea kando ya rafu huku kidole kikisuguana na migongo ya mafaili, kikitoa mlio mdogo kama wa mvua ya mbali, akasimama popote kidole kiliposimama. Kisha alisoma jina polepole kabla ya kulitoa faili.

“Wanaozika Wasio na Ndugu,” alisoma. “Wasomaji wa Vitabu kwa Wasioona. Umoja wa Kutembelea Wagonjwa Siku ya Jumapili.” Vumbi lilielea kwenye mwanga wa kidirisha cha juu, ambako miguu ya wapita njia ilionekana ikipita bila watu wake. “Unajua naota nini, mdogo wangu? Naota rejista ni mtaa. Kila mstari ni nyumba. Si usiku, si mchana. Napita naita jina, na dirisha la mwenye jina linawaka.”

Mtunza mafaili akirudi nyumbani jioni, akipita barabara ile ile ya kila siku, alijikuta akiangalia madirisha kwa zamu.

Waliishi hivyo karibu miaka miwili. Kisha likaja agizo. Rejista ilikuwa imejaa majina ya vyama vilivyokufa zamani, kwa hiyo isafishwe. Mama Maswali atoe orodha mbili: vyama vyenye mapato na vyama visivyo na mapato. Atakayekuwa kwenye mojawapo atahesabiwa yu hai. Asiyekuwepo atachukuliwa hakuleta fomu, na atafutwa mwisho wa mwezi.

Orodha zikatoka kwenye printa, zikabandikwa ubaoni, zikawekwa na kwenye tovuti. Wakati wa chakula cha mchana, ubao ulipokuwa hauna watu, mtunza mafaili alikwenda akatafuta jina moja tu. Alipitisha kidole orodha ya kwanza, akapitisha ya pili. Akaanza upya kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana huenda haraka ilimpofusha.

Jumuiya ya Magongo haikuwepo.

Hicho kilikuwa chama cha dada yake mkubwa. Kiliwaazima magongo watu waliotoka hospitali bila uwezo wa kununua, wakipona wanayarudisha, yanakwenda kwa mwingine. Yeye mwenyewe, mguu ulipovunjika, alijifunza tena kutembea juu ya jozi ya chama hicho. Hospitali haikuruhusu chama kisichosajiliwa kuingia wodini. Jina likifutwa, mlango ule utafungwa, na magongo yatabaki yamelala kwenye korido ya dada kama kuni.

Angeweza kupanda juu na kumwambia Mama Maswali mbele ya ofisi nzima. Alipanda mara tatu, na mara zote tatu aliishia mlango wa choo akarudi. Badala yake alikaa na kalamu. Wenye mapato walikuwa elfu tatu mia mbili na sitini. Wasio na mapato, mia sita kumi na mmoja. Akajumlisha, akatoa kwenye mafaili yake. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: “Mama, mia mbili arobaini na moja hawapo,” akakisukumia chini ya chupa ya chai ya Mama Maswali, mwenyewe alipokuwa hayupo mezani.

Haikupita robo saa, ngazi zikalia. Safari hii alishuka na viatu.

“Hawapo vipi? Nimeuliza wenye kitu. Nimeuliza wasio na kitu. Nani kabaki?”

Mtunza mafaili alikuwa ameshalitoa lile faili la magongo. Akalifungua, akaweka kidole penye neno mapato. Mbele yake palikuwa na kijistari kifupi, kimepigwa kwa wino wa bluu.

Mama Maswali akavaa miwani. Akakitazama kijistari kile kwa muda mrefu, akakaa juu ya kiti cha kukanyagia.

“Aliyeingiza kwenye sistimu ameona si namba, akapaacha wazi,” alisema taratibu. “Na palipoachwa wazi si sifuri. Ukiiuliza mashine, hapa pamezidi sifuri? Haisemi ndiyo. Hapa ni sifuri? Haisemi ndiyo vilevile. Haijui. Nayo isipojua haikwambii, inanyamaza na kupita.” Akavua miwani. “Miaka thelathini nafanya kazi hii. Nimewafundisha watoto wa watu jambo hilihili, usisahau kuuliza palipo wazi. Nimesahau mimi.”

“Hujawafuta bado, mama.”

“Bado siku sita. Twende kwa mwenye kijistari.”

Nyumba ya dada haikuwa mbali. Walimkuta mlangoni anasugua mpira wa chini ya gongo kwa msasa.

“Karibu, mama. Sogeza hayo ukae. Usiogope, hayaumi.” Akamgeukia mdogo wake. “Na wewe leo umeleta mgeni kwa mdomo wako mwenyewe? Jua litachomoza wapi kesho?”

“Dada, mapato ya mwaka jana hukuandika sifuri,” alisema Mama Maswali.

“Sifuri niandike mimi? Sifuri tulipewa shuleni tukikosa. Mwaka jana tumeazimisha jozi mia moja na sita, watu wametoka wodini wanatembea. Fomu inauliza pesa, hatukupata, napiga kijistari nakwenda swali la mbele. Nikiandika sifuri, atakayesoma atasema hawa hawakufanya kitu.”

“Sistimu haielewi kijistari.”

“Basi sistimu ije hapa ibebe magongo.”

Mama Maswali akacheka kwa mabega yake. Hakubishana tena. Kabla ya kuondoka aliomba ajaribu jozi moja, akatembea nayo korido nzima, kwenda na kurudi, macho yamefumbwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mkuu wa ofisi. Mtunza mafaili aliambiwa apandishe mafaili mia mbili arobaini na moja kwa toroli, asimame nayo mlangoni. Zilibaki wiki tatu Mama Maswali astaafu, na alilikiri kosa lake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa.

Mkuu alikuna kidevu. “Orodha zimeshatangazwa, mama. Waliokosekana waje wakate rufaa.”

“Atakataje rufaa mtu asiyejua kwamba hayupo?”

“Sawa, tuwarudishe. Lakini tutajuaje wako hai? Namba hawana.”

Mama Maswali akatazama toroli mlangoni. Swali hilo sistimu haikuwa na jibu lake. Mtunza mafaili akawahesabu waliokuwa chumbani. Karani wa mkuu alikuwepo, mkuu alikuwepo, Mama Maswali alikuwepo. Watu watatu.

“Wako hai, mkuu,” alisema.

Wote wakageuka.

“Barua zao napokea mimi. Hawa wanaozika walileta barua mwezi wa pili, muhuri upo. Hawa wanaosomea wasioona wamebadilisha anwani mwezi wa tano.” Akachukua jingine. “Hawa wa magongo walileta fomu kwa mkono. Chama cha dada yangu. Nasema mapema, isije ikaonekana nimeficha.”

Akaendelea. Hakujua alipata wapi sauti. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayesoma majina chumba cha pili. Alisema faili moja moja, tarehe na muhuri, mpaka chai ya mkuu ikapoa na karani akaacha kujifanya anaandika. Kuna kumi na mawili aliyoyaweka pembeni. “Haya sijaona barua yao miaka mitatu. Haya siwezi kusema.”

“Una haya yote kichwani?” mkuu aliuliza.

“Ndiyo ninayolala nayo, mkuu.”

Mchana huo, mkuu akiwa ameridhia, Mama Maswali alimwita mezani kwake, akamwekea kiti, naye akamtajia tarehe za barua mpaka zote zikaingia kwenye sistimu. Akaliandika swali upya, taratibu, huku akilitamka: chagua majina, kutoka kwenye rejista, ambapo mapato hayakuandikwa, na barua imepokelewa ndani ya miaka mitatu. Kidole chake kikabonyeza. Majina yakapanda kwenye skrini, mia mbili ishirini na tisa, moja juu ya jingine bila sauti, na mtunza mafaili alipoona jina la magongo likipita aliona korido ya dada yake, na taa imewashwa.

Orodha ya tatu ilibandikwa kando ya zile mbili. Hospitali haikufunga mlango.

Siku yake ya mwisho, Mama Maswali alishuka tena kwa soksi ingawa sakafu ilikuwa kavu. Alifumba macho akapitisha kidole kwenye rafu, mlio ule wa mvua ya mbali, lakini hakutoa faili. Mtunza mafaili alimbebea boksi lake mpaka getini. Mlinzi akauliza, “Sasa maswali tutamwachia nani?” naye akamwonyesha aliyebeba boksi.

Gari likaja, Mama Maswali akapanda. Mtunza mafaili alikuwa na sentensi aliyoitayarisha tangu Jumatatu, akaiacha. Akasema kilichokuja tu:

“Dada anauliza, mwaka huu aandike nini?”

Mama Maswali aliweka chupa ya chai mapajani, akashusha kioo cha dirisha mpaka mwisho.

“Mwambie apaache wazi tu, mdogo wangu. Tumeshajua pa kumtafuta.”