Mtu wa Akiba Bustanini kwa Mshindi

Nilikwenda Lubumbashi kwa sababu ya kijicho. Nikisema nilikwenda kwa ajili ya sayansi nitakuwa nawadanganya, na wengi wenu hapa Mbeya mnanijua vizuri. Clarisse, niliyesoma naye shahada ya pili Morogoro tukigombea darubini moja, alikuwa ameshinda ufadhili ambao kila mtafiti wa mimea wa huku kwetu anauota: miaka mitatu ya kufanya kazi yako mwenyewe, maabara, wasaidizi, na jina lako kutajwa kila penye mkutano. Mimi niliuomba ufadhili uleule kwa kazi yangu ya maharage. Nikajibiwa kwa adabu kwamba nimekuwa wa akiba. Maana yake, Clarisse akikwama, napanda mimi.

Na pa kukwama palikuwapo. Katanga kuna vilima vyenye shaba nyingi kiasi kwamba miti haioti juu yake. Huota majani madogo tu yaliyozoea sumu ile, na mengine yanapatikana kwenye kilima kimoja basi, duniani kote. Mgodi ukichimba kilima, mmea umekwisha. Clarisse alikuwa amekata vipande vya ardhi kutoka kilima kimoja kabla hakijachimbwa, udongo na mimea pamoja, akavihamishia bustani ya nje ya mji. Wafadhili walikuwa wanamtuma profesa kuangalia kama mimea ile imezaa miche mipya huko ilikohamia. Kama haijazaa, kazi haijathibitika, na ufadhili unashuka kwangu.

Kwa hiyo Clarisse aliponipigia simu akiniomba nifike kabla ya profesa, nilikubali hata hajamaliza kusema. Mke wangu alinitazama ninavyopanga nguo, akaniuliza kama ninakwenda kumsaidia mwenzangu au kumtazama anavyoanguka. Nikamwambia anipe soksi.

Tunduma nilivuka asubuhi mvua ikinyesha, nikapanda basi la Zambia. Njia ni ndefu na nzuri, misitu pande zote mbili, na mtu mwenye moyo mweupe angeifurahia. Mimi nilikuwa natazama simu. Kila penye mtandao nilikuta watu wanampongeza Clarisse. Aliyekuwa mwalimu wetu, ambaye hajawahi kukumbuka jina langu, alikuwa ameandika aya nzima ya kumsifu. Nami nikaandika "Hongera sana dada", nikaongeza maua matatu, nikazima simu kwa hasira.

Kasumbalesa, mpakani, malori yaliyobeba shaba yalikuwa yamepanga foleni hadi macho yanachoka. Nilipata taksi ya kushiriki kwenda mjini. Dereva aliniuliza ninamfuata nani Lubumbashi, nikamtajia Clarisse nikidhani hatamjua. Akageuka kabisa, mikono bado kwenye usukani.

"Ule mama ya maua? Alisemaka mu radio. Njo lauréate yetu ule."

Lauréate kwao ni mshindi. Kwetu mimi nimefanya kazi ya maharage miaka mingi, na wanaoijua bustani yangu vizuri ni wezi wa maharage tu. Niliegemea dirisha nikajifanya nimelala hadi tulipoingia mjini.

Mtaa wa Bel-Air, nyumbani kwa akina Clarisse, nilipokewa kama mtoto wa nyumba. Mama yake, Mama Godeliva, ni mjane wa mtu wa reli. Ukoo wao ulishuka kutoka kaskazini ya Katanga enzi za babu kufuata kazi hiyo. Aliniosha mikono mwenyewe, akaniwekea bukari, ambayo ni ugali wetu huuhuu, pamoja na mchicha, wao huuita lengalenga, na samaki wa kukaanga. Kila nilipopunguza mwendo wa kula aliniongezea. Juu ya kabati kulikuwa na makopo ya poda nyeupe, ile ya watoto wachanga, yamepangwa kama ya dukani. Nikauliza ni ya nini. Akacheka. Kule mtu akifaulu humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, barabara nzima ijue.

"Profesa akisema tu iko muzuri, tunamumwangia," alisema. "Na weye utakuwa mwenye kusaidia kumwanga, mutoto yangu, juu ya weye uko ndugu yake."

Nikasema nitashukuru sana. Lengalenga ilikuwa tamu, na nililala nikiomba poda ile ibaki kwenye makopo.

Asubuhi iliyofuata Clarisse alinichukua kwa gari lake kuukuu, tukatoka kwa barabara ya Kipushi. Amekonda tangu Morogoro, lakini bado anaendesha huku anaongea kwa mikono. Bustani iko kwenye mteremko, imezungushiwa waya. Vile vipande vya ardhi vimepangwa mistari, udongo wake una ukijani wa shaba, na kila kipande kimefungwa kamba pande nne ili mtu ahesabu mimea iliyo ndani bila kubabaika. Ndivyo sote tulivyofundishwa: hesabu kilicho ndani ya kamba. Mmea wenyewe ni mdogo, jamii moja na kivumbasi, na ukiusugua jani unanuka hivyohivyo, ila kwa mbali una harufu ya sarafu ya zamani. Ulikuwa hai, una afya, na nilipouona nilikasirika.

Nilimuuliza miche iko wapi. Akasema hajauona hata mmoja. Mimea mikubwa imepona, imechanua, imepukutisha mbegu, lakini mvua zimeanza na ndani ya kamba hakuna kilichoota. Labda anakosea mahali fulani, asijue wapi. Nikamwuliza kwa nini hakuwaita wenzake wa chuoni hapo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama usoni.

"Beye bote banasema iko muzuri, Clarisse, courage. Banipendaka, basi habaoni kintu. Miye najua weye njo wa pili, baliniambiaka. Najua miye nikianguka weye unapata. Njo maana nilikuita. Tafuta kosa yangu, Erasto. Hakuna muntu mwingine ataitafuta na roho yote."

Niliona aibu, na papo hapo nikaona wivu mpya kabisa, kwa sababu mimi nisingekuwa na ujasiri wa kumwita adui yangu bustanini. Nilivua koti nikapiga magoti.

Na kweli nilitafuta na roho yote. Nilikagua kila kipande, nikainua kila jani, nikachungulia kila ufa. Nilipomaliza ndani ya kamba zote bila kuona mche, moyo ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelipwa. Clarisse alikuwa kibandani akiongea na simu. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake, na huku juu udongo ulikuwa umekauka. Nikateremka hadi kwenye mtaro ulio chini ya bustani, ambako maji yote ya mteremko huishia, ili nioshe mikono.

Hapo ndipo nilipoiona. Mvua ilikuwa imekokota udongo wa kijani kutoka kwenye vipande na kuutandaza pembeni mwa mtaro, chini ya nyasi, na juu ya udongo ule kulikuwa na miche. Si mmoja. Ilikuwa midogo, majani mawili mawili, imesongamana. Nilipiga magoti topeni, nikasugua jani dogo kati ya vidole nikanusa. Kivumbasi na sarafu. Mbegu zilikuwa zimeteremka na maji, zikaota mahali ambapo Clarisse hakuwahi kutazama kwa sababu hapakuwa na kamba.

Naeleza hapa nilivyowaza, nisijipambe. Sikuwaza kuing'oa. Niliwaza kwamba hakuna haja. Profesa ni mzee, atasimama juu, atatazama ndani ya kamba kama tunavyofanya sote, na sitakuwa nimesema uongo wowote. Nilihitaji kunyamaza tu. Nikaosha mikono, nikapanda mteremko, nikamwambia Clarisse kwamba ndani ya kamba sikuona kitu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa. Njiani kurudi hakuongea kwa mikono.

Siku ya ukaguzi tulianzia Luano, kumpokea profesa uwanja wa ndege. Alikuwa mzee mpole mwenye fimbo na buti nzito, anayetoka nchi ya mbali, na Kifaransa chake kilikuwa cha taratibu. Tulimpitisha mtaa wa Golf, alikoandaliwa pa kulala, akaacha mzigo kwenye nyumba yenye bustani iliyofyekwa vizuri mno, kisha tukaelekea Kipushi. Mama Godeliva alikuwa ametufungashia chupa ya munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi na mizizi, na profesa alikunywa akakisifu.

Bustanini alitazama kila kipande bila haraka. Aliuliza maswali mazuri, na Clarisse aliyajibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mwishowe akafunga kalamu. Alisema mimea imepona, na hilo si dogo, lakini mmea uliopona ni mgeni tu; mwenyeji ni yule anayezaa. Asingeweza kuthibitisha kitu ambacho hakukiona. Aliyasema hayo kwa huruma halisi. Clarisse alisema ameelewa, akashukuru, akaanza kukunja kamba iliyolegea.

Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Nilikwisha ona maabara, nikaona dereva wa taksi wa Mbeya akigeuka nyuma kunitazama.

Profesa akasema atapumua kidogo, akashuka mteremko taratibu kwa fimbo yake. Akafika kwenye mtaro. Akainua buti ili avuke, na buti likaning'inia juu ya ile miche.

"Profesa, usikanyage hapo."

Sauti ilikuwa yangu. Hata leo sijui ilitoka wapi. Nadhani mtu akishinda maisha yake yote na mimea, mguu ukija juu ya mche mdomo haumwombi ruhusa. Mzee aliganda na mguu hewani. Clarisse alitupa kamba akashuka mbio, akanitazama nilipokuwa naelekeza kidole, akapiga magoti topeni. Alisugua, akanusa. Halafu akakaa chini palepale kwenye tope, akafunika uso. Profesa alilaza fimbo, akajishusha kwa shida hadi magotini, akaitazama miche mmoja mmoja. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Jioni, Bel-Air, makopo yalifunguliwa. Clarisse alimwagiwa poda hadi kope, majirani wakaimba, barabara nzima ikajua. Kisha akanyanyua mkono watu wanyamaze, akawaambia kwamba aliyeiona miche ni mimi. Mama Godeliva akanikumbatia akilia, akanimwagia kopo zima kichwani, akanisugulia hadi masikioni. Watu walinipigia makofi. Nilisimama pale mweupe kama mfu, nikicheka, nikitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi Clarisse alinisindikiza kwenye taksi za Kasumbalesa. Tulingoja gari lijae. Akasema bila kunitazama.

"Mama alifuaka suruali yako juzi. Ilikuwa na udongo ya kijani ku magoti, ya majimaji. Ndani ya kamba udongo ilikuwa mukavu."

Nikasema ndiyo.

"Ulionaka siku ile."

Nikasema ndiyo, niliiona. Na kabla hajauliza lolote nikamwambia kwamba kama si lile buti ningekuwa narudi nyumbani na ufadhili wake. Alitikisa kichwa polepole. Dereva aliita abiria. Clarisse aliniwekea mfuko wangu mapajani, akafunga mlango kwa mkono mwepesi, bila kuubamiza, akasema nimsalimie mke wangu.

Zambia nzima nilikuwa nahesabu makosa yake ili nipate nafuu, nikakuta hayatoshi. Suruali aliiona juzi, na maana yake lazima ilimfikia pale mtaroni; kwa hiyo alijua kabla ya sherehe. Alijua alipoinua mkono watu wanyamaze. Alijua mama yake aliponililia begani, na akamwacha mama yake anishukuru. Hadi leo, kila anapohojiwa, anasema miche ilionwa kwanza na mwenzake wa Mbeya, na hasemi ilionwa siku gani.

Mnaniuliza nilichojifunza. Nimejifunza kutazama nje ya kamba, na maharage yangu yamefaidika. Lakini wivu sikuuacha Lubumbashi, nimerudi nao, ila umehama. Ufadhili sasa naweza kuutazama kwenye picha bila kuzima simu, na maabara amezistahili. Kinachonichoma ni ule mkono wake mwepesi pale kwenye mlango wa taksi. Huo hautolewi na wafadhili, siwezi kuuomba mwaka ujao, na mtu wa akiba hapandishwi kwenye nafasi hiyo.