Ukoo wa Mashine Mbili

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwenye ploti alifika kwenye chumba nilichotaka kukodi pale Migwani. Mimi ni fundi wa redio, na siku hizi redio zinazoletwa ni chache. Nilikuwa nimenunua mashine mbili za michezo ya video, zilizotumika, zote za kampuni za Kijapani, ili watoto walipie kucheza. Vyumba vingine sokoni vilikuwa vimejaa. Ningekosa hiki, zingebaki chini ya kitanda changu.

Mama huyo ni kiongozi wa akina mama kanisani. Hakuketi.

"Fundi, mtu akija kuposa kwetu tunauliza ukoo kwanza. Hawa watu wa hizi mashine walianza na nini?"

Swali lilinifurahisha. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimesoma historia za kampuni hizo kwenye simu na kuziandika daftarini kwa kufuata umri. Nikaanza na kongwe.

"Hii nyeupe, mwaitu," nilisema, nikimwita kama ninavyomwita mama yangu, "ni ya kampuni ya Kyoto. Ina zaidi ya miaka mia moja. Ilianza kwa kutengeneza karata."

"Karata gani?"

"Zenye picha za maua." Na kwa kuwa ndivyo nilivyoandika, nikaongeza: "Wacheza kamari walizinunua sana."

Akageukia mlango. "Marehemu mume wangu alimaliza mbuzi wanne kwa karata. Sasa wewe unazirudisha kwa ploti yangu?"

"Siku hizi wanatengeneza michezo ya watoto, mwaitu."

"Mtu akibadilisha shati amebadilisha baba?"

Ningeweza kufunga daftari. Nilifungua ukurasa uliofuata.

"Hii nyeusi ni ya watu wa Tokyo. Baada ya vita walikaa kwenye jengo lililoharibiwa na mabomu, wakitengeneza redio za watu zilizoharibika."

Akasimama pale mlangoni. "Redio? Kama wewe?"

"Kama mimi. Kisha wakajaribu chombo cha kupikia wali kwa umeme. Mara wali ulitoka mbichi, mara ukawa uji."

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Wanaume peke yao jikoni! Na waliuza?"

"Hawakuuza. Wali uliwashinda."

"Hao nimewaelewa. Na hii sahani ya mchezo?" Aliinua diski iliyokuwa juu ya mashine nyeusi.

"Waliotengeneza mchezo huu walianza na farasi wawili wa mbao, wa kupandwa na watoto, juu ya paa la duka."

"Farasi aingie. Redio iingie. Karata irudi ilikotoka." Akanikabidhi ufunguo.

Chumba kinajaa kila likizo. Yeye hupita Jumamosi, huuliza kama wali umeiva, na watoto hawajui anacheka nini. Ile nyeupe niliiuza mjini Mwingi wiki hiyohiyo. Niliinunua shilingi elfu nane na mia tano, nikapata elfu saba. Hasara yote ya daftari langu ni shilingi elfu moja na mia tano.