Mara Ishirini kwenye Kiti cha Saluni

Nikisikia harufu ya rasta zilizochomwa ncha kwa kiberiti, hasira hunipanda mpaka leo. Na nisikufiche, msomaji wangu, hasira yenyewe si yangu yote.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa fizikia kule Buyenzi, Bujumbura. Tulipokimbilia Johannesburg, hakuna aliyetaka hata kuvifungua vyeti vyake vya Kifaransa, basi akawa anasuka nywele katika saluni ndogo karibu na Joubert Park. Bendera za Kombe la Dunia zilikuwa bado zinaning'inia madirishani, zimepauka, redio ilipotangaza shindano: mwalimu mmoja wa Afrika angefunzwa kuwa mwanaanga. Mama akajaza fomu, akaanza mazoezi. Lifti ya jengo letu ilikuwa mbovu, kwa hiyo alipanda ngazi mbio na ndoo ya maji mpaka ghorofa ya tisa. Wateja wakiisha, alikaa kwenye kiti cha saluni kinachozunguka, mimi nimzungushe mara ishirini, kisha asome orodha ya bei ukutani bila kukosea.

Wenzake walivunjika mbavu. "Eish, Mama Saida, kule juu utamsuka nani?"

Yeye alicheka nao. Mimi nilichukia. Akienda, ningebaki na nani?

Siku moja simu yake ililia, naye yuko nyuma anamwosha mteja. Nikapokea. Mwanamke aliuliza kwa Kiingereza kama hiyo ni namba ya mwalimu. Nikamjibu kwamba hapa hakuna mwalimu, hapa ni saluni. Nikakata.

Jioni mama alikaa kitini kama kawaida. Nilimzungusha kwa hasira, kwa nguvu zangu zote. Alisoma bei zote sawasawa, akafuta macho, akasema ni kizunguzungu tu.

Siri ile niliibeba mpaka nilipomaliza chuo, nikamwambia huku nalia. Alinishangaa.

"Weye mtoto! Namba niliiona, nikaipiga saa ileile. Wakaniomba pasipoti. Nikawaambia nina karatasi ya ukimbizi tu. Wakasema asante."

Kumbe jioni ile alikwishajua kwamba haendi popote. Nikamuuliza mbona basi alikaa kitini.

"Ulikuwa na hasira," akasema. "Nikaona angalau mmoja wetu aitoe."

Yake hakuitoa. Ndiyo hii inayonipanda.