Karatasi ya Kijani Ilimaanisha Safari

Uvumilivu wangu uliisha siku mama yangu alipomwomba msamaha mwanamke wa ofisi ya shule. Si kabla ya hapo. Nilikuwa nimeshameza mengi ya shule ile, na ningeendelea kumeza, maana mimi hufanya zamu ya asubuhi kwenye ghala kule Washwood Heath na sina nguvu ya kugombana na kila mtu. Lakini siku hiyo niliingia pale na viatu vya kazi bado miguuni, nikamkuta mama ameinama mbele ya kidirisha, mkono kifuani, anasema, "Sori, madam. Sori." Binti yangu wa miaka saba amesimama kando yake, ameshika picha ya kondoo.

Darasa lake lilikuwa limekwenda shambani kuona wana-kondoo. Walirudi na basi saa tisa na robo, tope hadi magotini, kelele mpaka barabarani. Binti yangu hakushuka kwenye lile basi. Alitokea mlango wa watoto wa chekechea. Alishinda huko mchana kutwa akipaka kondoo rangi, kwa sababu ruhusa yake haikubonyezwa kwenye simu.

"Taarifa ilitumwa," mwanamke wa ofisini akaniambia kwa Kiingereza. "Ilikuwa kwenye jarida la majira ya kuchipua."

Nikafungua simu palepale. Ilikuwepo, sitakudanganya. Ukurasa wa nne, chini ya picha ya vifaranga, baada ya orodha ya chakula cha mchana na habari ya masweta yaliyopotea. Bonyeza hapa kabla ya Ijumaa adhuhuri.

"Na mama yangu? Yeye ndiye anayemleta na kumchukua kila siku."

"Mfumo unatambua wazazi peke yao."

"Asubuhi alisimama hapo nje amemshika mtoto mkono. Basi liko mbele yake. Hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo?"

"Asubuhi huwa kuna haraka sana."

Mama akanivuta mkono. "Twende, mamangu. Usipige kelele shuleni."

Tukatembea Coventry Road. Tulipofika kwenye duka la nyama akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza vitunguu, "Kuanzia wiki ijayo mtafutie mtoto mtu mwingine wa kumchukua. Mtu anayejua simu. Mimi nitamharibia."

Hapo ndipo niliposhika moto kweli. Kwa sababu mimi nilisoma shule hiyohiyo, na mama yangu huyuhuyu ndiye aliyekuwa akijua mambo yote ya pale kuliko mzazi yeyote wa mtaa wetu. Wacha nikwambie ilivyokuwa.

Tulitoka Isiolo kuja huku ng'ambo nikiwa na miaka sita. Sisi ni Wasomali wa huko. Kisomali kilikuwa cha wageni na cha simu za ukoo, lakini jikoni tulizungumza Kiswahili. Kiingereza cha mama kilikuwa maneno matatu, na moja kati ya hayo ni hilo "sori". Shule yetu ya Small Heath ilijaa watoto wa akina mama kama yeye: Wasomali, Wapakistani, Wayemeni. Barua zilitoka shuleni kwa Kiingereza kirefu, na akina mama walikuwa wakifika siku isiyo yao, au hawafiki kabisa.

Aliyelitatua jambo hilo hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa karani wa shule, mama wa makamo aliyezaliwa na wazazi kutoka Jamaika, aliyekuja kila siku kwa mabasi mawili kutoka Handsworth, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alianza kuchapisha barua kwenye karatasi za rangi. Kijani: mtoto anatoka nje ya shule, weka sahihi, rudisha. Njano: mzazi, unahitajika wewe mwenyewe. Waridi: kuna kitu cha kuvaa au cha kuleta. Nyeupe: soma ukipata nafasi, na usipoipata dunia haitaanguka. Hakuna mtu aliyetangaza. Mama zetu walizijua rangi zile ndani ya muhula mmoja, vile mtu anavyojua basi la namba gani linamfikisha nyumbani.

Na majira ya kuchipua, hayo ndiyo yalikuwa msimu wa karatasi. Baridi inalegea, watoto wanaanza kutoka bila makoti, shule nayo inakumbuka kila ilichoahirisha: bustani, shamba, nyimbo, siku ya kuvaa kofia, kupanda maharage kwenye vikombe. Begi langu lilikuwa halirudi bure. Mama alifunga kamba jikoni, juu ya jiko, sambamba na ile ya sare zilizokuwa zikikauka, akazibana karatasi kwa vibanio vya nguo, rangi na rangi. Asubuhi na mapema unasikia anjera, chapati yetu ya maji, ikilia kwenye kikaango, harufu ya samli na chai ya iliki, na mama amesimama anaikagua ile kamba kama askari anayekagua gwaride. Barua zikirudi shuleni zilinukia iliki. Mwalimu wangu alisema barua za kwetu zinamtia njaa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kipakistani, na mtoto wake nilisoma naye. Yeye na mama hawakuwa na lugha. Mama alijua maneno machache ya Kihindi aliyookota kwenye maduka ya Isiolo, yote ya bei na ya mizani. Kwa hiyo walisimama ua wa nyuma, kila mmoja upande wake wa ukuta mfupi, karatasi juu.

"Kijani?" mama anauliza.

"Hara," jirani anasema.

"Kijani, kijani."

"Hara, hara!" Halafu jirani anaingia ndani, anatoka na kalenda ya duka la nyama, anaigonga siku kwa kidole. Mama anaitikia kwa kichwa. Wanacheka wawili hao kama wezi waliogawana mali. Mimi niliyekuwa nakijua Kiingereza sikuwa nahitajika, na iliniudhi.

Mwaka mmoja waridi ilisema tulete keki za kuuza kwa ajili ya bustani ya shule. Nilimsomea vizuri kabisa. "Keki ya nini?" mama akasema. "Watu wanataka chakula." Akakaanga sambusa, sinia zima, zikaisha kabla keki ya kwanza haijakatwa. Mwalimu mkuu alikula ya pilipili bila kuuliza akatoka machozi mbele ya wazazi wote. Mwaka uliofuata waridi ilikuja na mstari chini, mwandiko wa karani mwenyewe kwa kalamu: na sambusa, tafadhali.

Sasa, nisijisafishe hapa. Kuna karatasi moja haikufika kwenye ile kamba, na aliyeizuia ni mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa ya njano. Wazazi waje Jumatano kulisikiliza darasa likiimba na kuyaona maharage yetu. Wiki hiyo msichana mmoja alikuwa ameiga sauti ya mama getini, namna alivyolitaja jina la mwalimu, na wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Basi ile njano niliichana, nikaitia kwenye pipa la kituo cha basi.

"Leo hakuna karatasi?" mama akauliza jioni.

"Hakuna."

"Hakuna hata nyeupe?"

"Mwalimu anaumwa."

Akanitazama kidogo, akaendelea kukata vitunguu. Jumatano tukapanda jukwaani, nikafungua mdomo niimbe, nikamwona mama. Safu ya mbele. Jilbabu ya buluu aliyoishonea Idd, na pembeni yake jirani yetu na chupa ya chai. Njano aliiona juu ya ukuta, mkononi mwa mwenzake, kama kawaida. Alipiga makofi wimbo haujaisha. Alipiga peke yake, kisha jirani akamfuata, kisha ukumbi wote.

Nyumbani nilingoja kofi. Halikuja. Alinimiminia chai, akasema, "Kusoma kwao sijui. Kujua ninajua." Mpaka leo hajalirudia jambo lile, na mimi sijawahi kumwomba radhi. Deni hilo ni langu.

Karani alistaafu nikiwa sekondari. Rangi zikaendelea mwaka mmoja hivi, kwa mazoea, halafu zikawa nyeupe zote, halafu hata nyeupe ikakoma. Jirani alihamia kwa mwanawe. Siku hizi geti hufunguliwa dakika chache, wazazi wanashusha watoto na kuondoka, kila mmoja ameinamia simu yake. Wanasema ni kuokoa karatasi na kuwafikia watu wote kwa haraka, na mimi sikatai, picha za maharage zinafika vizuri. Zinafika kwangu. Simu yangu inakaa kwenye kabati la kazini tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane. Nikiitoa, inamwaga ujumbe wa shule kama bomba lililopasuka: menyu, maegesho ya magari, chawa darasa la pili, vifaranga. Nilikosea sikufika ukurasa wa nne. Hilo nalikubali. Lakini mimi nilipomficha mama karatasi, bado aliiona kwa jirani. Walipomficha wao, hakukuwa na mahali popote pa kuiona.

Nilipomwambia mama nitaandika malalamiko rasmi, alishtuka.

"Mwalimu hashtakiwi."

"Simshtaki mwalimu. Nashtaki mpango wao."

"Watamchukia mtoto."

"Wameshamwacha nyuma, mama. Watamchukia zaidi vipi?"

Binti yangu alikuwa mezani anakula. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Akauliza kama ayeyo, ndivyo anavyomwita nyanya yake, anaacha kumchukua kwa sababu yeye hakwenda shambani. Kama ni kosa lake. Mama alielewa kila neno. Akaishika ile picha ya kondoo, akaitazama mbele na nyuma.

"Andika," akaniambia. "Lakini kwa adabu."

Jumamosi nilikwenda maktaba. Fomu ya malalamiko ipo kwenye tovuti ya shule, imefichwa chini kabisa, lakini ipo. Nilisoma mpaka kidato cha mwisho na si zaidi, kwa hiyo niliandika kwa maneno yangu, na kabla ya kuichapisha nilimpigia mama nikamsomea yote kwa Kiswahili. Alinikata mahali pamoja tu, nilipowaita wavivu. "Futa hilo." Nikafuta. Sehemu ya mwisho nilidhani ataikataa, nikaisoma polepole. Nikafika mwisho. Nikauliza kama yupo. "Nipo," akasema, "chapisha, wasikufungie maktaba."

Jumatatu nilibadilisha zamu, nikaenda naye. Alisema atasubiri nje, akaingia. Mwanamke wa ofisini akaniambia ningeweza kuituma kwa barua pepe. Nikamwambia ninajua. Nikamwomba aandike jina lake na saa aliyoipokea kwenye nakala yangu, akaandika. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Haya ni malalamiko rasmi, hatua ya kwanza. Binti yangu aliachwa nyuma siku ya safari ya shambani kwa sababu ruhusa haikubonyezwa kwenye programu yenu. Taarifa ilikuwa ukurasa wa nne wa jarida. Sikufika huko, na hilo ni kosa langu. Lakini mama yangu alisimama mbele ya walimu watatu asubuhi ile, na hakuna aliyemwambia kitu, naye ndiye anayemleta mtoto na kumchukua kila siku. Naomba mambo matatu. Kwanza, mumwambie binti yangu nyinyi wenyewe kwamba hakukosea. Pili, taarifa zinazohitaji ruhusa zitolewe pia kwa karatasi, kila aina na rangi yake, kama shule hii ilivyofanya nilipokuwa mwanafunzi wenu. Si mimi peke yangu mwenye mzazi anayezihitaji, tazameni getini. Tatu, jina la mama yangu liingizwe kwenye orodha yenu ya watu wa kuarifiwa. Kama mfumo haumtambui, mwalimu wa darasa anamtambua. Jibu lenu lisije kwenye simu yangu. Liandikeni, mumkabidhi mama yangu mkononi, getini, saa tisa na robo. Siku yoyote ya shule. Atakuwepo."