Bibi wa Kona ya Mwisho

Namba yake ilipoita Jumanne asubuhi, nusura nisipokee. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nilidhani najua anachotaka, kwa sababu tangu mwaka jana alikuwa na ombi moja tu kwangu, na mimi nilikuwa nimeishiwa njia za kumwambia bado. Nikapokea kwa sauti ile ya mtu anayejifanya yuko kikaoni. Hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, ananipigia kutoka Mlandege, Iringa, kwa simu ya mumewe. "Shemeji," akasema, "mwenzako ametutoka leo. Tunazika keshokutwa, kama utaweza kufika." Nikasema pole, nikasema nitafika, na nilipokata simu jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa hakuna atakayeniuliza tena habari za ile picha.

Wengi wenu hamkumjua, na jina lake sitalitaja kwa kuwa mwenyewe hakuwa na tabia ya kulitaja. Hata mabango aliyochora hakuyatia sahihi. Alizaliwa Chimala kwenye mashamba ya mpunga, akaoa Iringa na kuhamia huko, akala kwa brashi yake: saluni, bucha, maduka ya mbolea, ramani ya Tanzania kwenye kuta za shule. Lakini kama umekulia Mbeya, au umewahi kupeleka watoto kwenye bustani ile ya michezo nje kidogo ya jiji, basi umepita ndani ya kazi yake ukiwa umelowa mpaka soksi. Nazungumzia Boti za Mpunga. Boti la plastiki la watu wanne lilivutwa kwa mnyororo mpaka juu ya kilima, likaingia kwenye handaki la saruji lenye maji yanayokwenda, na humo ndani, kwa mwanga wa taa ndogo za njano, kuta zilikuonyesha maisha yote ya mpunga: kitalu, kupandikiza, watoto wanaofukuza ndege, mavuno. Kwenye kona ya mwisho alikuwepo Bibi. Alisimama na ungo, makapi yanaruka, kidevu amekiinua kidogo, na macho yake yanakutazama wewe. Ukishampita, njia inakatika na boti linaporomoka mpaka bwawani.

Sijui nani alianzisha, ila ilikuwa desturi: boti likikaribia kona ile, wote mnapiga kelele, "Bibi, pepeta!" Asiyepiga kelele, ilisemwa, ndiye atakayelowa kuliko wenzake. Nimemsikia mchungaji akipiga kelele hiyo, nimewasikia maharusi na wapambe wao, nimemsikia mama mmoja wa duka la vitenge, mtandio kaukaza mpaka kidevuni, akiwashinda wanawe wote. Kila kabila lilimdai Bibi. Wanyakyusa walisema ni wa kwao kwa jinsi alivyofunga kitenge, Wahehe wakasema macho makali kama yale hayatoki kwingine, Wasangu wakacheka tu, wakisema angalieni anavyoshika ungo. Na kuna jambo moja mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa: simu hazikuingia. Kabla ya kupanda uliacha simu yako kwenye kibanda cha mlangoni ukapewa kipande cha bati chenye namba, maana maji yale hayakuwa na mzaha.

Tulijuana siku umeme ulipokatika. Boti letu lilisimama pale pale kwenye kona, giza totoro, na wasichana wawili wa chuo waliokaa mbele wakaanza kumwita Yesu. Mzee niliyekaa naye akaingiza mkono kifuani, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kitochi, kile kisimu cha vitufe chenye tochi kichwani. Akawasha. Kumbe alikuwa akiingia nacho siku zote bila ya walinzi kujua. Kisha akatoa mfuko wa pili: kikopo cha rangi na brashi nyembamba kuliko kidole. Akaegemea nje ya boti, akaanza kumpaka Bibi shavuni, mahali palipobanduka kwa unyevu. "Shika hii," akaniambia, akinipa kitochi. "Mulika hapo. Hapana, shusha kidogo. Usimmulike machoni, atachukia." Nikamuuliza kama yeye ni fundi wa bustani. "Hapana, mimi nimelipa kiingilio kama wewe," akasema bila kugeuka. "Ila kuta hizi nilizichora mimi. Na huyu ni mama yangu."

Kwa muda wote tuliokaa gizani alinieleza. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana, na picha yake ilikuwa moja tu, ya kikundi cha kina mama wa kanisani, nayo ilikwenda na maji pamoja na sanduku la nguo mwaka ambao mto ulifurika. Alipopewa kazi ya kuta zile angeweza kuchora simba na twiga kama tajiri wa kwanza wa bustani alivyopendekeza. Yeye akamshawishi tajiri amwache achore mpunga. "Nilitafuta sababu ya kumweka mama, kaka," akasema. "Huwezi kumweka mama yako katikati ya twiga." Tangu hapo, kila alipopata safari ya Mbeya, alikata tiketi, akakaa kwenye boti na kikopo chake, na kila mzunguko akaiba sekunde chache za kumrekebisha. Umeme ulirudi ghafla. Tuliporomoka mimi nikiwa na kitochi chake mkononi, na nilipotoka majini nikakuta kimekufa. Nilitaka kumlipa, akacheka mpaka akakaa chini. "Hukupiga kelele ndiyo maana umelowa," akaniambia.

Basi mwaka jana bustani ikapata tajiri mwingine, na tajiri akatangaza kwamba Boti za Mpunga zinafungwa kwa matengenezo, zitafunguliwa kwa sura mpya: Safari ya Barafu, yenye pengwini, dubu weupe na nyumba za theluji. Mnakumbuka zogo lililofuata, maana wengi wenu mlikuwemo. Kwenye makundi ya WhatsApp watu walilia. Mmoja aliandika, "Mmetufutia utoto wetu." Mwingine akauliza, "Baridi ya Mbeya mwezi wa sita haiwatoshi mpaka mtuletee barafu?" Wengine wakajibu, "Acheni ushamba, mpunga si tunauona Chimala bure?" Kuna aliyeshukuru kwa kuwa macho ya Bibi yalikuwa yakimtisha tangu darasa la pili. Walitukanana kwa wiki tatu. Kukatokea wapenzi wa Bibi waliotaka kuandamana na wapenzi wa pengwini waliokuwa hawajamwona pengwini. Katika maneno yote yale, na niliyasoma mengi, hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyechora.

Nami nilijua ni nani. Nikakaa mezani nikaandika, kwenye safu hii hii, kuwacheka watu wazima wanaolilia ukuta. Niliandika kwamba rangi ni rangi, kwamba jiji lina matatizo ya maana zaidi, kwamba anayempenda bibi sana aende akamtembelee wake kijijini. Mlinipongeza. Nilipata ujumbe mwingi kuliko siku zote, na nilitembea wiki nzima kifua mbele. Sikumfikiria yeye hata kidogo wakati naandika. Hilo ndilo ninalolitafuta sasa na silipati: kwamba walau ningekuwa nimemfikiria nikaamua kumuumiza. Hapana. Nilitaka tu kuchekesha.

Alinipigia siku ya pili yake. "Nimesomewa, kaka," akasema. "Umeandika vizuri, nimecheka." Sauti yake ilikuwa nzito upande mmoja, ndipo nikajua kwamba alikuwa amepata kiharusi miezi ya nyuma. Kisha akaleta ombi lake. "Mimi siwazuii. Mali ni yao, wapake. Naomba tu, kabla hawajapaka, mtu aingie na simu yenye kamera ampige mama picha moja. Moja tu. Wewe si unafahamiana na tajiri?" Nikamuuliza kwa nini asimchore upya, achore hata kwenye ubao mdogo wa sebuleni. "Mkono wa kulia umekataa," akasema. "Halafu yaani, nikwambie ukweli, sura yenyewe naanza kuichanganya na ya dada yangu. Nilikuwa nikienda pale kumkumbuka, si kumpaka rangi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikasema nitalisimamia.

Nilifahamiana na tajiri kweli. Tulikuwa kamati moja ya harusi. Tulikaa vikao vitatu tukijadili ukumbi, muziki na rangi ya vitambaa vya meza, na kila kikao nilikaa karibu naye kiasi cha kumpitishia chumvi. Lilikuwa jambo la kusema kwa pumzi moja: mkuu, niruhusu niingie dakika tano nipige picha. Sikusema. Naona aibu kuandika sababu, lakini safu hii haina maana kama sitaiandika. Tajiri alikuwa ameisoma makala yangu, akanipigapiga mgongoni mbele ya kamati nzima, akasema ndiyo waandishi tunaowataka. Ningewezaje tena kumgeukia mimi huyo huyo nikalilia ukuta? Nikasema nitamwambia kikao kijacho. Kabla ya kikao cha nne vijana walikuwa wameingia na mashine ya kupulizia rangi, na kwa siku moja handaki lote likawa jeupe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, ila hawakusema tumbo la nani.

Mngedhani nilimpigia nikamwambia. Nilimpigia, na alipopokea kwa furaha ile nikasikia mdomo wangu unasema imepigwa. Nikasema picha ipo, ipo kwa watu wa ofisi, wanaisafisha wapate kuikuza, nitakuletea mwenyewe. Alishukuru kwa Kihehe cha wakweze, kisha kwa Kisangu cha kwao, kisha akasema nimsubiri amwite mke wake naye anishukuru. Tangu hapo aliniuliza kila baada ya wiki chache, bila kunisumbua, akianza na afya ya watoto wangu na mvua za Mbeya. Bado, nilimjibu. Fundi amesafiri. Bado, mashine imeharibika. Bado, kaka, vuta subira kidogo.

Nilipopata habari za msiba, nilizipeleka kwenye lile kundi la wapenzi wa Bibi, ambalo bado lipo ingawa siku hizi hutumiana vichekesho. Niliwaeleza kwamba aliyechora kuta zile amefariki, na kwamba Bibi alikuwa mama yake. Wakamimina mishumaa na mikono iliyofumbatana. Wakamwita gwiji, wakamwita hazina ya taifa, mmoja akapendekeza mtaa upewe jina lake huku akiwa halijui. Ndiyo desturi yetu. Tunakipenda kitu kwa kelele, tunagombana juu yake mpaka tunavunja urafiki, na mtu aliyekitengeneza yuko kilomita mia tatu tu kutoka hapo, amekaa kwenye kiti, hana wa kumgongea mlango. Kazi yenyewe ya brashi imeshakufa. Mabango sasa yanachapwa kwenye turubai la plastiki kabla hujamaliza soda, na sura za kwenye mabango hayo si za mama wa mtu yeyote. Mwishoni dada mmoja kwenye kundi aliandika: "Nani ana picha ya Bibi atutumie?" Tulikuwa watu wengi mno, tumempita Bibi miaka na miaka, kila mmoja ameacha simu yake kibandani. Hakuna aliyejibu.

Nilikwenda kuzika. Basi lilisimama Chimala abiria wakanunua mchele, na kando ya barabara alikuwepo mama mmoja anapepeta, ameinua kidevu. Nikageuza uso. Iringa palikuwa na upepo, kwaya ya Kilutheri iliimba vizuri, na kwenye wasifu wa marehemu walisoma mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, na kwamba alikuwa fundi rangi. Baada ya mazishi mjane alinishika mkono akanipeleka ndani. "Kamwene, shemeji, karibu, kaa hapo kwenye kiti chake." Nikakaa. Mbele yangu ukuta ulikuwa mtupu, umepakwa chokaa mpya, na katikati ulitoka msumari. Umepinda kidogo. "Huo aliupigilia mwenyewe, kwa mkono wa kushoto," mjane akasema. "Siku nzima anagonga, anakataa kusaidiwa. Alisema picha ikija asitufanye tuhangaike. Akawa anakaa hapo ulipo wewe anaangalia msumari, eti anazoea." Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza juu ya mzigo ulioachwa kwenye basi: "Umekuja nayo?"

Nikasema bado. Mbele ya kiti cha marehemu, udongo wa kaburi haujakauka kwenye viatu vyangu, nilisema bado, na mama wa watu akaitikia kwa kichwa na kuniletea chai. Niliyojifunza ni haya, na nimeyajifunza kwa kuchelewa kiasi kwamba hayanisaidii: mtu akikuomba jambo la dakika tano, inuka hapo hapo, acha chai ipoe, acha wakucheke. Na ukishindwa, mwambie umeshindwa siku hiyo hiyo, ili walau alie akiwa hai. Shemeji, ulinieleza kwamba ni wewe uliyekuwa ukimsomea safu hii, kwa hiyo najua utafika mpaka mstari huu. Picha haipo. Haikupigwa. Tundika kitu kingine kwenye msumari ule.