Divai Kali ya Commandant wa Bungulu

Shangazi yangu Kavuo alionja divai kali nyekundu siku moja tu mu maisha yake. Ile siku alirudi Butembo na mudogo mwenye hakukuwa mudogo wake.

Sikilizeni vile ilipita.

Ilikuwa 2001, vita iko moto. Muyisa, mudogo yake wa tumbo moja, alipakia viazi Kipese akashuka navyo Beni. Hakurudi.

Batu ba barrière ya njiani balisema basoda balimufunga mu kontenere, nyuma ya nyumba ya commandant, kule Bungulu.

Kavuo alikuwa mupishi wa mapadri. Akafunga kitambaa kichwani, akapanda camion, akaenda kupiga hodi kwa commandant mwenyewe. Jina yake Grady. Akamuomba aachilie Muyisa.

"Unajua kupika?" Grady akauliza.

"Njo kazi yangu, Afande."

"Bon. Kesho saa sita, mukubwa wetu Omer anakuja kula hapa. Aliishi Ulaya, anajua divai. Nataka samaki ya Vitshumbi na hii." Akamuonyesha chupa sita. "Akifurahi, mudogo yako anatoka. Akikunja sura, mutabaki hapa bote babili."

Asubuhi Kavuo hakutulia. Anakaa, anasimama. Anaenda dirishani, anarudi. Kule nje aliona kontenere tu, soda mumoja mulangoni, na jua inapiga ile chuma.

Sauti hapana.

Akafungua chupa moja. Divai yenye alijua ni ya misa, tamu. Hii ilikuwa nzito, karibu nyeusi. Akaonja. Ulimi ukakauka, mafizi yakakaza, sawa mutu ametafuna ndizi mbichi.

Akakula kipande cha samaki, akakunywa tena. Mudomo wote ukawa na ladha ya musumari.

Akajaribu na pilipili. Moto ukapanda mpaka kwa masikio.

"Hii chakula itatuua," akasema peke yake.

Basoda balikuwa bamechinja mbuzi. Akaomba mbavu zenye mafuta, akazichoma pole pole juu ya makala ya moto, chumvi na bitunguu tu. Akakula kidogo, akakunywa.

Divai ikalainika. Mafuta yalipunguza ukali wake, na nyama yenyewe ikawa tamu kuliko mbele.

Akaonja tena juu ya kuhakikisha.

Saa sita, Omer akaketi. Grady akaona mbuzi mezani, sura ikabadilika.

"Samaki iko wapi?"

"Samaki na hii divai hazipatane, Afande. Nilionja."

Grady akasimama. Omer akamuzuia na mukono, akakata nyama, akatafuna, akakunywa. Akakunywa tena.

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Ulimi yangu, Papa."

Omer akacheka mpaka akapangusa macho. "Omba kitu unataka."

"Mudogo yangu. Iko mu kontenere."

Bakafungua. Batu batano balikuwa chini, bamefunika macho juu ya mwangaza. Kavuo akabaangalia mumoja mumoja. Akarudilia.

Muyisa hakukuwa.

"Ni nani?" Omer akauliza.

Akisema hayuko, mulango unafungwa. Kavuo akaona mumoja mwenye midomo ilipasuka, mwenye hata kukaa vizuri alikuwa anashindwa.

"Ni huyu. Muyisa, simama tuende."

Yule mutu akamuangalia sana. Kisha akasema pole pole, sawa mudogo anaita dada yake: "Yaya, ulikawia."

Bakatoka. Nyuma yabo mulango ukafungwa.

Mu camion njo alimuambia jina yake: Zorobabel, mwalimu wa Mangina. Balilia bote babili mpaka Butembo.

Na Muyisa? Alifika kisha wiki tatu, kwa miguu. Aliona basoda mbele ya barrière, akaacha viazi, akakimbilia mu mashamba ya kahawa. Batu balikuta viazi tu, bakafikiri alifungwa. Grady hakumuonaka hata siku moja. Alimudanganya tu Kavuo, juu alihitaji mupishi.

Batu banamusifu shangazi. Yeye hapendake.

"Omer alikuwa amefurahi," ananiambiaka. "Kama ningesema bote batano ni ba-ndugu yangu, pengine angekubali. Mimi niliomba mumoja."

Donc, wewe mwenye unasoma: siku mukubwa anakuambia omba, usiombe kidogo juu ya woga. Angalia kwanza nani mwengine iko nyuma ya ule mulango.

Bale bane, shangazi hakujua hata majina yabo.